Jino kwenye Karo za Mwadi

Siku ya pili ya wiki, jumanne, tarehe 29 mwezi wa kumi

Mwadi, mutoto wangu wa kike, amepata kazi ya maternite, nyumba ya kuzalishia bamama! Karo zote za chini, bigae bya sakafu, byumba saba na kolwari, ile njia ndefu ya ndani, yeye njo atazitia, hapana mwanaume yeyote wa Kolwezi! Masera Josée, mutawa anayeiongoza, ametia sinyatire kwenye karatasi leo asubuhi, na mi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha, nimeona na macho yangu mwenyewe.

Sasa njo nakusalimia, kaye yangu, daftari langu. Zamani ulikuwa kaye ya Mwadi ya masomo ya ufundi kule Lubumbashi. Kurasa za mbele ziko na hesabu zake za mita kare, za nyuma ni nyeupe. Bwana yangu, Tata Kalumba, ameniletea wewe tulipokwisha kula chakula.

"Mama Mwadi, andika humu," amesema. "Ukiandika humu, pengine majirani batapumzika."

Anacheka. Lakini na yeye nimemuona akivaa shati la misa kwenda kununua kiberiti, ili batu bamupongeze njiani.

Mi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primaire, basi mwenye kusoma asinihesabie makosa. Mutoto wangu njo alisoma. Bengine hapa banatia karo na uzi na nyundo ya mpira, na jicho moja limefungwa. Mwadi ana bitu byake. Kwanza, tumisalaba tudogo twa plastiki: anatuweka kwenye pembe, karo na karo, ili njia katikati yao iwe moja, isinenepe huku na kukonda kule. Halafu klipsi. Ile ni nyeupe, muguu wake unaingia chini ya karo mbili, kichwa kinabaki juu. Ndani ya kichwa anasukuma kabari nyekundu, anaibana na koleo, na karo mbili zinashikwa pamoja sawa batoto wa mapacha: moja haiwezi kuinuka bila mwenzake. Kesho yake anapiga teke, paf! Klipsi inakatika chini, kabari inaruka, na sakafu inabaki laini kama sahani.

Amenipa kabari moja iwe ukumbusho. Nimeitoboa, nimeifunga kwenye funguo zangu.

Masera amesema neno moja tu kali. Atasukuma shario, lile gari dogo la kubebea bagonjwa, kila siku ya posho, yaani kila jumamosi. "Mama mwenye uchungu halali juu ya shario inayorukaruka. Gurudumu likilia kwenye jino la karo, ukingo ulioinuka, utarudia kazi. Likiendelea kulia, nitamwita Tata Ntambwe."

Ntambwe ni yule fundi muzee wa ng'ambo ya barabara, ametia karo za nusu ya muji huu. Alifikiri kazi ni yake. Nitamwangalia yule.

Siku ya tatu, tarehe 30

Mvua ya kwanza ya kweli. Mabati yamelia mpaka hatukusikiana.

Siku ya posho, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja

Chumba cha kwanza kimeisha. Masera amesukuma shario toka ukuta mpaka ukuta. Hakuna sauti! Mi nilikuwa nje na beseni yangu ya mikate ya mafuta, nimepiga kigelegele mpaka muchungaji wa mbuzi amegeuka.

Lakini nimeona kitu. Ntambwe alipita. Akasimama mulangoni, mikono nyuma, akainama karibu na klipsi kama mutu anayetafuta sindano. Hakusalimia mutu. Akaondoka. Mutu mwenye roho safi anapita bila kusema jambo?

Siku ya pili, tarehe 5

Nimeanza kupeleka bukari na sombe, ugali na kisamvu, kwenye chantier, pale kazini, kila jioni, kwa sababu Mwadi amekonda. Kijana mwenzake wa kazi, Mechack, yule wa kukoroga kole, gundi ya karo, yeye hajakonda. Anakula kama mashine ya mine, ile ya kuchimba shaba.

Jioni bale batoto babili balipokwenda kunawa kwenye robine, bomba la nyuma, nimebaki peke yangu mulangoni. Kaye, ungeona! Chumba cha pili kizima kimejaa bichwa byekundu, misitari na misitari, sawa shamba la pilipili. Sikukanyaga ndani, najua heshima ya kazi. Nimesimama kizingitini, nimenyoosha muguu mmoja tu, na nimepiga teke klipsi za musitari wa mwisho, zile za mulangoni. Tano. Paf, paf! Utamu wake! Nimemupunguzia Mwadi kazi ya kesho, maana usiku analalamika kifundo cha muguu.

Kabari mbili nimezitia kwenye kitenge, za kumuonyesha Mama Djamila sokoni. Zile zingine nimeziweka kwenye ndoo yake.

Siku ya tatu, tarehe 6

Jino!

Mwadi amerudi nyumbani na uso umefungwa. Nimemuuliza mara tatu njo akasema: kwenye chumba cha pili, karo za mulangoni zimeinuka, moja juu ya mwenzake, unene wa ukucha. Ameng'oa musitari muzima leo, amekwaruza kole, ametia karo mpya. Siku nzima imepotea.

"Ni nani alipita pale jana?" nimeuliza.

"Hakuna, mama. Ni mi. Pengine kole ilikuwa maji mengi."

Hapana. Mutoto wangu hakosei maji. Mi njo nilimufundisha kukoroga bukari akiwa na miaka sita. Kuna mutu. Na mi najua mutu anayepita na mikono nyuma.

Siku ya ine, tarehe 7

Mama Djamila ameweka kabari chini ya muguu wa meza yake ya bitenge, ile iliyokuwa inayumba tangu mwaka jana. Sasa imesimama imara. Bamama bote sokoni banasema: "Ni ya mutoto wa Henriette," na Henriette ni mi. Na mama wa nyanya anataka yake.

Siku ya posho, tarehe 9

Shario imelia. Tak.

Chumba cha tatu, mulangoni tena. Masera alirudisha nyuma, akasukuma tena. Tak. Hakukasirika, njo iliniumiza zaidi. Alimuangalia Mwadi juu ya miwani na akasema: "Hii ni mara ya kwanza."

Tata Ntambwe alikuwa ng'ambo, amekaa juu ya ndoo yake, anaangalia. Nimemutolea macho mpaka akashusha ya kwake.

Nyumbani nimemuambia Tata Kalumba: "Yule muzee anaingia pale tukiondoka. Anakanyaga karo mbichi."

"Ulimuona?"

"Sihitaji kumuona."

"Mulango wa maternite una kufuli, na funguo iko kwa Masera."

"Kwa hiyo kuna mutu wa ndani," nimesema.

Amefunika uso na kofia. Anapenda kufanya vile nikianza kufikiri vizuri.

Siku ya tatu, tarehe 13

Mutu wa ndani. Nimefikiri siku ine, na nimepata.

Leo jioni nimefika na sahani, nimesikia sauti zao kabla ya kugeuka kona.

"Mechack, umesahau tena!" Ni Mwadi.

"Sikusahau kitu! Nilipita musitari wote, mbili kila upande!"

"Sasa hapa kwa nini hakuna?"

"Na mi nakuuliza wewe!"

Nilipoingia balinyamaza wote wawili, sawa redio courant ya umeme ikikatika. Mechack akachukua ndoo. Mutu asiye na kosa anakimbilia ndoo?

Nimejua kijana huyu anakaa avenue moja, mtaa mmoja, na Ntambwe. Moja! Na mwaka jana alifanya kazi kwake. Kaye, hii si mi ninayesema. Ni bitu byenyewe binajipanga.

Balipokwenda kunawa, nimepiga teke klipsi zangu nne, kwa uchungu kabisa. Kabari moja ya mama wa nyanya. Moja ya dada yangu wa Mutshatsha, nitamupelekea na gari la makala, lile linaloleta makaa ya kupikia.

Siku ya posho, tarehe 16

Tak, tak. Mbili, chumba cha ine. Masera: "Mwadi, karo za akiba zimebaki kartoni ngapi?" Mwadi: "Sita." Masera ameandika namba ile.

Siku ya kwanza, tarehe 18

Malaria. Nimelala. Mvua na mi tunatetemeka pamoja.

Siku ya tano, tarehe 22

Bado nyumbani. Tata Kalumba anapika. Tusiandike juu ya ile.

Siku ya posho, tarehe 23

Sikia hii. Wiki hii yote chumba cha tano kimekwenda vizuri. Leo shario imepita, kimya kabisa, toka dirisha mpaka mulangoni. Mwadi amerudi akiimba.

Na sasa sikia nyingine: Ntambwe hakuwepo! Alikwenda kwenye matanga Kasaji tangu siku ya kwanza. Mama Djamila amekuja kuniangalia, njo ameniambia.

"Umeona?" nimemuambia. "Muzee hayuko, karo zimelala sawa."

"Pengine ni bahati, Mama Mwadi."

"Bahati ina jina, na jina lake limepanda gari la moshi kwenda Kasaji."

Nimepona kabisa kwa habari ile. Nimekunywa chai bilauri bibili.

Siku ya pili, tarehe 26

Ntambwe amerudi jana. Na mi jana jioni nimerudi na sahani yangu. Leo asubuhi, jino kwenye chumba cha sita. Mulangoni. Nani anahitaji polisi?

Siku ya ine, tarehe 28

Nimesema. Nilikaa na Mwadi kwenye baraza, nikamuambia yote: avenue moja, mwaka jana, ndoo, kunyamaza. Nimemuambia Mechack anatia klipsi pungufu kwa makusudi, ili Ntambwe achukue kazi.

Mwadi alibisha kwanza. "Mama, Mechack ananiita dada."

"Na Ntambwe anamuita mwanangu. Uchague."

"Nahesabu klipsi pamoja naye asubuhi. Zinatosha. Asubuhi ya pili hazitoshi. Kama si yeye..."

Niliona neno linaingia ndani yake. Mi niliona ni ushindi, nikamumiminia sombe zaidi.

Siku ya tano, tarehe 29

Mechack amefukuzwa. Mwadi amemuita mwizi wa klipsi. Aliweka glavu juu ya ndoo, akasema tu: "Dada, utaona." Nimesikia kama ni kitisho. Nimefunga dirisha letu la nyuma.

Siku ya posho, tarehe 30

Tak, mulangoni mwa chumba cha saba. Masera amesimamisha shario katikati. "Mwadi, imebaki kolwari. Byumba ni byumba, lakini kolwari njo njia ya kila mama. Siku ya posho ijayo nitaisukuma. Ikilia, nitakushukuru kwa kazi yako na nitamwita Tata Ntambwe aimalize. Nimeomba kwa ajili yako, lakini maombi hayatii karo."

Mwadi alijibu "Ndiyo, Masera" kama mutoto wa shule. Mi nilienda nyuma ya ukuta nikalia kidogo, kisha nikauza mikate iliyobaki.

Siku ya pili, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili

Mwadi anafanya peke yake: anakoroga, anabeba, anatia, anabana. Mikono imepasuka. Namuletea chakula mara mbili. Ntambwe amesimama mulangoni leo kwa muda mrefu kabisa, nikamupigia makofi ya kumufukuza, kama kuku. Aliondoka.

Siku ya ine, tarehe 5

Kolwari nzima imelazwa! Mita kumi na nane, bichwa byekundu byote bimesimama, na mwisho wake ni mulango mukubwa wa kuingilia. Mwadi alikaa chini kwenye mchanga nje, akalala pale pale na kijiko cha kole mukononi.

Nilimuangalia mutoto wangu. Nikasema: kesho ataamka na klipsi mia tatu za kupiga teke na kifundo kile. Hapana. Nilipiga musitari wa kwanza toka kizingitini. Halafu nikaegemea fremu, nikafikia wa pili. Na wa tatu na fimbo ya ufagio. Nilitoka jasho. Nilijisikia mama.

Siku ya tano, tarehe 6

Leo nitaandika kwa urefu, na sitajisifu.

Asubuhi Mwadi alifungua mulango mukubwa, akasimama. Hakulia. Alisema tu, polepole: "Mama. Angalia."

Misitari mitatu ya mulangoni. Karo zimeinuka hapa, zimeshuka pale, sawa meno ya muzee. Mvua ya jana usiku ilitia unyevu, kole ilikuwa bado laini, na uzito wa kila karo ulikwenda upande wake. Mechack hakuwepo tena. Mulango ulifungwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa Masera usiku wote.

Kwa hiyo, nikasema moyoni, ni Ntambwe peke yake, na amepita hata kwenye kufuli.

Nikavuka barabara. Sikumbuki viatu vyangu. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, ananoa kisu cha kukatia.

"Tata Ntambwe!" nikapiga kelele. Batu balitoka, wa kuuza makala, wa pikipiki, hata muke wake na kijiko. "Umekula kazi ya muji huu miaka yote, mutoto mmoja wa kike amepata moja tu, na unaingia kumuharibia! Sema mbele ya batu! Ulitia nini pale? Unapita kila siku unanusa nini?"

Hakusimama. Aliniachia niseme mpaka pumzi ikaisha, na wakati ule nilikuwa natikisa mukono mbele ya pua yake, na funguo zangu ndani ya mukono.

"Mama Mwadi," akasema, "hicho chekundu kwenye funguo zako ni nini?"

"Ni kabari. Mutoto wangu alinipa. Unataka kusema nimeiba?"

"Hapana. Ni nzuri. Na ile iliyo chini ya meza ya Mama Djamila?"

"Mi nilimupa."

"Na ya mama wa nyanya. Na fundi wa kinga, wa baiskeli, anayo moja, anazibia pampu. Mwadi alikupa hizo zote?"

"Nilizichukua mi mwenyewe," nikasema, na kichwa juu. "Kwenye kazi iliyokwisha. Jioni. Namupunguzia kupiga teke."

Batu baliangaliana. Sikuelewa bado kwa nini.

"Jioni ya siku gani?" aliuliza Ntambwe.

"Ile ile. Akishatia."

Muzee aliweka kisu chini. Hakucheka, na angeweza kucheka, na bengine balikuwa banangojea tu aanze. Aliinuka taratibu, mukono kwenye goti, akaleta karo mbili mbovu na kole kidogo kwenye ubao. Akazilaza jirani jirani, akatia klipsi katikati. Nilishangaa: naye alikuwa na pakiti nzima, mpya, haijafunguliwa vizuri. Akabana kabari. Akapitisha kidole changu juu ya njia: laini.

"Sasa upige teke," akasema.

Nikapiga na kidole cha muguu. Paf. Tukangojea kidogo. Akabonyeza pembe moja, kidogo tu, kama mutu anayepita. Pembe ikazama. Karo ya pili ikabaki juu. Akapitisha kidole changu tena.

Jino.

"Wewe unauza mikate," akasema. "Ukiitoa kwenye mafuta mapema, inje ni nyekundu, sivyo? Inapendeza macho. Na ndani?"

"Unga," nikasema.

"Kole ni vile. Juu inashika, chini ni unga. Klipsi si pambo, mama. Njo inashika karo mpaka ndani iive. Na wakati huu wa mvua, hata kesho yake ni mapema. Siku mbili."

Nilikaa chini juu ya ndoo yake. Nilianza kuhesabu, bila mutu kuniomba. Chumba cha pili, tano. Cha tatu. Cha ine. Wiki ya malaria: hakuna. Wiki ile ile tu, hakuna! Na mi nilisema ni matanga ya Kasaji.

"Na wewe," nikamuuliza, "ulikuwa unatafuta nini mulangoni kila siku?"

Aliangalia pakiti yake. Akasema polepole ili bale batu basisikie: "Mutoto wangu wa Likasi alinitumia hizi. Sijui kuzitumia. Naona karo kubwa sasa zinanishinda, macho haya na goti hili. Nilikuwa najifunza na macho. Ningemuuliza mutoto wa kike aliye na umri wa mujukuu wangu, mbele ya batu?"

Kaye, mi nilimupigia makofi kama kuku.

Siku ile ile, jioni

Nimemuambia Mwadi. Nilifikiri nitaanza na maneno mazuri, lakini kinywa kilitoa moja tu: "Ni mi." Kisha nikafungua kitenge, nikamwaga kabari tatu zilizobaki juu ya meza.

Alizipanga na kidole, moja moja. Tata Kalumba aliacha kutafuna.

"Mama," Mwadi akasema, "kama ungevunja karo zote za byumba saba, ningezitia tena. Lakini nilimuita Mechack mwizi. Nilimuita mwizi usoni, na alikuwa ananiangalia."

"Ni mi nilikuambia."

"Ulisema wewe. Niliamini mi."

Akatoka nje kwenye mvua bila mwamvuli. Tata Kalumba hakufunika uso na kofia. Alisema: "Kesho asubuhi, Henriette. Kwanza kwa kijana, kisha kwa Masera." Miaka mingapi hajaniita Henriette.

Siku ya posho, tarehe 7

Nimemkuta Mechack kwenye depo ya simenti, anapakia mifuko, mweupe toka kichwa mpaka muguu. Nilisema yote mbele ya wapakiaji bengine, kwa sababu mi njo nilimuharibia jina.

Alisikiliza. Halafu akafuta uso, akabaki na macho mawili meusi kwenye unga ule.

"Mama, unajua nilifanya nini?" akasema. "Nilikuwa nahesabu klipsi nikilala. Moja, mbili, tatu. Nilifikiri kichwa changu kinaharibika. Nilimuambia muke wangu: pengine niende kwa daktari wa bichwa."

"Nisamehe, baba."

"Na dada?"

"Anakungojea. Anaona haya kuja."

Aligeuka akaniambia nimsaidie kushusha mufuko uliokuwa begani. Nilishusha. Ulikuwa muzito kama mutoto wa miaka kumi. Akasema: "Basi, umelipa kidogo. Kesho kutwa nitakuja. Lakini ulete bukari mbili, hapana moja."

Kwa Masera nilisema kwa kifupi. Aliingia akaangalia kolwari, akasukuma shario mwenyewe. Tak, tak, tak, tak. Nilihesabu kumi na moja. Akavua miwani.

"Mama Henriette, miaka yote mi naogopa mafundi wavivu. Sikuwahi kuogopa mama mwenye bidii." Halafu akamgeukia Mwadi: "Karo za akiba zinatosha misitari mitatu?"

"Misitari miwili na nusu."

"Tata Ntambwe anazo za rangi ile, nimeziona kwake," nikasema mi. Neno lilitoka kabla sijaliruhusu.

Masera akavaa tena miwani. Akatoa wiki mbili.

Siku ya pili, tarehe 10

Bote batatu banafanya kazi: Mechack anakoroga, Mwadi anatia, na Ntambwe amepiga magoti juu ya mto wetu wa kitanda, anabana kabari kama Mwadi anavyomuonyesha. "Si nguvu, tata, mpaka ishike tu," anamuambia. Yeye: "Mi nilidhani ni kukaza kama nati ya gari." Banacheka.

Mi nimepewa kiti na Masera, nje ya mulango mukubwa. Kazi yangu: asiingie mutu. Na amri: miguu chini ya kiti.

Siku ya tatu, tarehe 11

Nimezunguka sokoni kukusanya kabari zangu zote. Meza ya Mama Djamila inayumba tena. "Umenipa, umeninyang'anya," analalamika. "Weka kitabu cha misa," nimemuambia. "Mi ni mwislamu!" Tulicheka mpaka nyanya zikaanguka. Ya Mutshatsha, dada ameituma na dereva wa makala, ndani ya gunia, nyeusi kabisa. Nimeiosha.

Siku ya ine, tarehe 12

Karo ya mwisho ya mulangoni imelala. Ilikosekana kabari moja. Mwadi alinitazama. Nikafungua kamba ya funguo, nikampa ile ya kwanza, ya ukumbusho, na tundu lake. Akaibana mwenyewe.

Siku ya tano, tarehe 13

Mvua. Miguu chini ya kiti.

Siku ya posho, tarehe 14

Siku mbili zimetimia. Asubuhi Mwadi alisema, "Sasa, mama. Upige." Sikutaka. Akanishika mukono, nikapiga ya mwisho, ya mulangoni. Paf. Hakuna kitu kilichosogea. Yangu imerudi kwenye funguo.

Siku ya tatu, tarehe 18

Masera alikuja leo kabla ya siku aliyotupa kufika. Hakusukuma yeye. Aliweka beseni ya maji juu ya shario, imejaa mpaka mdomoni, akanipa mi mishikio. "Sukuma, mama. Toka ndani mpaka mulangoni."

Mita kumi na nane. Ntambwe kwenye ukuta, Mechack mikono kichwani, Mwadi nyuma yangu nasikia pumzi yake. Nilisukuma polepole sawa nimebeba mutoto wa mutu mwingine. Nilingojea tak. Nilifika kwenye misitari yangu mitatu. Nilisikia kandambili zangu tu, pya, pya, pya. Maji yalitetemeka, hayakumwagika. Gurudumu la mbele lilivuka kizingiti.

Masera alisema: "Basi." Na kwa sauti ile ile ya kila siku akaongeza kwamba dispensari ya Mutshatsha inatafuta fundi wa karo, na ameshatoa jina la Mwadi. Kaye, sitapiga kelele. Nimeandika hapa tu. (Na Mama Djamila anajua. Na mama wa nyanya.)

Shario itapita kwa mara ya kwanza na mama wa kweli juu yake maternite ikifunguliwa. Muke wa Mechack ameshafika mwezi wake, anasema anajizuia kusudi awe wa kwanza. Ntambwe atavaa suti. Dada atapanda gari la makala toka Mutshatsha. Tata Kalumba ameshapiga pasi shati la misa, anajifanya ni la siku nyingine. Mikate nimepanga mia mbili, na nitaiacha kwenye mafuta mpaka ndani iive.

Siku ya Mungu, jumapili tarehe ishirini na mbili, misa ya pili ikiisha: njo siku bote banakuja.